Valerian Kaenda Kushtaki

Tasleem, waache wateja kwanza usome hapa. Mdogo wangu Valerian yuko polisi!!

Na hakukamatwa. Kajipeleka kwa miguu yake mwenyewe!

Unakijua kile kitabu cha maswali ya darasa la saba anachokitoa kopi na kukiuza dukani kwake pale stendi? Basi kasikia Abilahi wa Kitomanga naye anakitoa kopi, tena anauza bei ya chini. Kapandwa na mori, kavaa lile koti la harusi, kaenda kushtaki. Kushtaki, Tasleem!

Afande akamuuliza kwa upole, "Kitabu umeandika wewe?"

"Hapana, kaandika Mwalimu Benadetha wa Rutamba."

"Alikuruhusu kukiuza?"

"Sikumwomba, afande. Ningemwomba angekataa."

ANGEKATAA!! Kasema hivyo huku anamsogezea nakala zote mbili, yake na ya Abilahi, eti ushahidi.

Mwalimu kapigiwa simu, kaja na bodaboda. Valerian na adabu zake, "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Tutaonana mahakamani."

Afande anasema angekuwa hajui kwamba kuuza bila ruhusa ya mwandishi ni kosa ingekuwa nafuu, lakini huyu alijua kabisa. Hapo ni faini au jela.

Nimempelekea chai na chapati. Abilahi naye kaletwa, wamekaa benchi moja, wanazimega pamoja. Valerian kaniinamia sikioni, nikajua sasa analia. Kanong'ona:

"Dada, hebu niulizie kwa afande, kesi yangu na huyu Abilahi imeshaandikwa?"