Baridi ya Karthala

Jumatatu, 12 Julai 1976. Mutsamudu
Zamu ya asubuhi. Wamejifungua wawili, wote salama. Tangu Wafaransa waondoke wauguzi tumebaki wachache. Sindano twachemsha wenyewe, sakafu twapiga deki wenyewe.

Mchana ujumbe kutoka Moroni. Kamati ya vijana inapeleka kundi juu ya Karthala kuweka kipima mvua kwenye ukingo wa volkano. Ngazidja, kisiwa cha mlima huo, haina mto hata mmoja, na serikali inataka kujua mvua ya mlimani ni kiasi gani. Wanataka muuguzi. Mwalimu wa jiografia wameshampata: Humadi, pacha wangu. Yeye ndiye aliyenitaja. Nimefurahi. Nimeogopa pia.

Mama hakufurahi. Humadi aende, mimi nibaki. Tulipozaliwa yeye alilia papo hapo. Mimi nilitoka wa buluu, sina pumzi. Hadi leo, mtu mzima na kazi yangu, Mama ananihesabu mgonjwa.

Jumatano, 14 Julai. Moroni
Naandika Kiswahili cha bibi yangu wa Unguja. Nyumba tuliyofikia ina macho mengi, sitaki wasome.

Mkutano wa Kamati umenichosha. Kiongozi wa msafara ni Bakari, kijana mwenye sauti kubwa. Redioni kila siku wanasema mwanamke ni sawa na mwanamume. Ilipofika habari ya mlima, Bakari akataka wasichana waishie mwisho wa msitu. Eti mwili wa mwanamke hauhimili baridi wala hewa nyepesi. Niliwaambia nimesomea uuguzi Antananarivo, nimekaa baridi ya kule miaka, na sikufa. Humadi alinyamaza. Hilo limeniuma kuliko maneno ya Bakari.

Mwishowe tumeruhusiwa. Mimi na Sitti, mwanafunzi wa ualimu.

Jumamosi, 17 Julai. Mlimani
Kalamu ya risasi. Vidole havishiki vizuri.

Tumetoka kijiji cha Mvuni alfajiri. Msitu, matope, jasho. Wavulana walikuwa wanakimbizana, Humadi mbele yao na mzigo wa vyuma mgongoni. Mwembamba, mchezaji mpira, hana hata nyama ya kufinya. Sitti nami tulipanda polepole, tukivuta pumzi ndefu.

Jioni tumefika penye vibanda vya wachunga ng'ombe. Wavulana wawili wanatapika, vichwa vinawagonga. Sitti naye kichwa kinamuuma kidogo. Mimi mzima, ila mikono na miguu ni barafu, kucha zimekuwa za zambarau. Humadi ananicheka. Mikono yake ina moto kama mkate uliotoka jikoni. Nimemwonea wivu.

Shati lake limelowa jasho. Nimemwambia abadilishe. Hakubadilisha.

Jumapili, 18 Julai
Yuko hai. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatatu, 19 Julai. Mvuni
Tumeshuka. Sasa naweza.

Jana asubuhi tulifika ukingoni. Moshi chini, upepo unakata masikio. Ukitembea kidogo unahema kama mwenye pumu. Wanaume walichimba mawe, wakasimamisha nguzo. Mimi sikuweza hata kukaza skrubu, vidole vimekufa ganzi. Humadi alikaza zote. Bakari alinitazama, akaona amepata ushahidi.

Kisha ukungu. Kisha mvua, ya ubavuni. Tukaanza kurudi. Humadi alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, nami nikatulia, maana mwili unaotetemeka bado unapigana. Katikati ya njia akaacha kutetemeka. Akaanza kupepesuka. Ulimi mzito. Akakaa juu ya jiwe, akaanza kufungua vifungo vya koti, akaniuliza:

"Zali, mbona jua kali hivi?"

Jua hakuna. Nimeuona mwili uliopoa namna ile mara moja tu, Antananarivo, mlevi aliyeokotwa mtaroni. Hakupona.

Tulimburura hadi kibanda cha kwanza. Bakari akataka kumkimbizakimbiza apate joto. Nikakataa, moyo uliopoa hautaki kushtuliwa. Akataka kumsugua miguu. Nikakataa tena. Nguo mbichi zote zitoke, blanketi kavu, na mtu mwenye joto alale naye. Wavulana walikuwa wamelowa na wanatetemeka wote. Sitti si ndugu yake, haiwezekani. Mimi nimelala naye tumbo moja kabla ya dunia.

Nikatia mikono kwapani mwangu kwanza ipate uhai. Vidole vyangu vilikuwa maiti, lakini kifua na tumbo vilikuwa na moto, moto mzuri kabisa. Nikamkumbatia. Ngozi yake kama samaki. Sitti alitufunika kila kilichokuwa kikavu. Bakari alipuliza kuni mbichi hadi macho yakavimba.

Pumzi yake ilikuwa inakuja, inakatika, halafu kimya. Kila kimya niliita jina lake. Niliwaza Mama. Niliwaza nitamwambia nini.

Akaanza kutetemeka tena. Nimelia kwa furaha ya mtu kutetemeka.

Jumanne, 20 Julai. Moroni
Hospitalini. Moyo mzuri, vidole vya miguu vizuri. Alhamdulillahi.

Daktari ni Mtanzania, tumesema Kiswahili mpaka chai ikapoa. Nilimuuliza kuhusu wanaume na wanawake. Mwili wa mwanamke, anasema, mara nyingi hunyima vidole damu mapema ili ukinge ndani, na huwa na mafuta zaidi chini ya ngozi. Misuli ya mwanamume hutoa joto jingi, lakini mwenye kukonda hana pa kuliweka. Hewa ikiwa haba wanawake wengi huvuta pumzi zaidi. Wengi, si wote, akarudia, asije Sitti, aliyeumwa kichwa mlimani, akaonekana mwongo. Na kilichomponza Humadi hasa ni mbio na shati bichi.

Bakari alikuja na machungwa. Hakuomba radhi. Aliniuliza safari ijayo tubebe nguo gani. Imetosha.

Nimelala mchana kutwa. Mwili wote unauma, raha tupu.

Ijumaa, 23 Julai. Mutsamudu
Nyumbani. Humadi ameswali Ijumaa kwa miguu yake mwenyewe. Mawingu juu ya kijiji cha Patsy kule milimani, mjini joto.

Mama amepika mataba, majani ya muhogo kwa nazi, na samaki. Wenzake Humadi wa timu wamekuja, wakajaa barazani. Tulikuwa tumepatana njiani kwamba Mama asiambiwe kitu. Akauliza kama huko juu kulikuwa na baridi. Nikamwachia Humadi ajibu, nikijua atatania.

"Nilikuwa nakufa, Mama. Zali alinikumbatia mpaka nikapata joto."

Wenzake wakatazama sahani zao. Mama aliinuka. Alinisogelea, akanikatia kipande cha samaki, upande wa tumbo, penye mafuta. Kisha akarudi kuketi, tukala.