Mbegu ya Mama Leokadia

Dada Resti,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kumwandikia dada yangu mkubwa bila kumwamkia.

Hapa Kibaoni tupo. Mama ameanza tena kwenda jumuiya. Kwenye duka la dawa, pale dirishani pako, wamemweka binti mpole anayekabidhi dawa kimyakimya, na foleni inakwenda haraka. Naichukia hiyo haraka. Nani sasa atamwambia mtu, "Hii ni ya kupaka, baba, usimeze, usimpake mtoto mchanga, na ukiona vipele acha mara moja urudi hapa"? Watu walikuwa wanaguna nyuma, wewe unaendelea tu. Nilikuita redio isiyoishiwa betri. Nimekukumbuka, redio yangu. Nimekukumbuka mno.

Habari za kazini ni hizi. Ule ushirika wa wakulima wa mpunga ulinikubalia, na msaidizi wangu wa akili mnemba anafanya kazi. Mkulima anamwandikia ujumbe kwa simu, naye anaangalia hesabu ya ghala, anapanga zamu ya mashine, anatuma agizo kwa wapagazi. Kila kazi anayoiweza ni zana niliyompa mimi, na kila zana ina maelezo yake. Ghala lenyewe hajawahi kuliona. Anajua kile tu nilichomwandikia. Kwenye zana ya kukoboa niliandika: "Hupeleka mpunga wa mwanachama mashineni." Basi. Nikajipongeza kwa ufupi.

Mama Leokadia wa Mkula alikuwa anaoza binti. Akaandika: "Nikobolee mpunga wangu wote uliobaki, nina sherehe." Unajua ilivyo kwetu: magunia ya kwenye chaga za mlangoni ni mbegu, na mbegu haiguswi mpaka mwenyewe aje aionyeshe kwa mkono. Hakuna anayelisema hilo, kwa sababu hakuna asiyelijua. Msaidizi hakulijua. Akaagiza magunia yote. Wapagazi walipoona agizo wakadhani mama ameshakuja kuonyesha, wakabeba.

Gunia la kwanza la mbegu lilikuwa limeshapita mashineni umeme ulipokatika. Ndiyo ikawa pona ya mengine. Mama Leokadia alichota ule mchele kiganjani. Ni mpunga wa mbawambili, mbegu aliyoachiwa na mama yake, ameichagua mwenyewe suke kwa suke miaka yote. Hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, mchele hauoti." Nilikwenda chooni nikalia.

Meneja wa ushirika akataka tuzime kila kitu, au tutafute msaidizi mwenye akili zaidi. Nilimkatalia mbele ya watu. Akili anayo, nikamwambia, ila hajaelezwa. Nipe muda niandike upya, kisha Mama Leokadia mwenyewe amjaribu. Akikosea, nazima kwa mkono wangu.

Nikakaa kuandika, na sauti iliyokuwa kichwani ni yako. Sasa maelezo yanasema hivi: "Itumie pale tu mwanachama anapotaka mpunga wa kula au wa kuuza ukobolewe. Kwanza angalia gunia liko wapi ghalani. Lililo kwenye chaga za mlangoni ni mbegu. Usilipeleke, hata kama ameandika 'wote'. Mbegu hutoka mwenyewe akifika na kuionyesha. Mpunga ukishakobolewa haurudi kuwa mbegu, kwa hiyo ukiwa na shaka usikisie, muulize."

Meneja akaguna: "Nani atasoma gazeti lote hili?" Atasoma msaidizi, nikamjibu, tena kila mara, tena mpaka mwisho. Ungempenda, dada. Ndiye mteja uliyekuwa unamtafuta miaka yote pale dirishani.

Siku ya jaribio Mama Leokadia alikaa kwenye benchi la ghala akaandika ujumbe uleule, neno kwa neno. Meneja amesimama nyuma yake, mimi nimeshika kiuno. Jibu likaja: "Shikamoo, mama. Una mpunga wa kula, na una mbegu kwenye chaga za mlangoni. Nitapeleka wa kula peke yake. Mbegu siigusi mpaka ufike mwenyewe uionyeshe. Niendelee?" Akalisoma mara mbili, akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Eee! Sasa huyu amelelewa."

Nikatoa simu nikupigie. Nilishafika kwenye jina lako ndipo nikakumbuka.

Mvua zimeanza, na kitalu cha Mama Leokadia kimeota. Ni kidogo kuliko cha mwaka jana, lakini ni mbawambili ileile. Msaidizi yuko kazini, na nimeanza kuziandika upya zana zake zote.

Pumzika, Resti. Nakuahidi sitampa zana yoyote bila kumwambia anachokigusa ni cha nani, na nani atalia kikiharibika. Na wakisema nimezidi maneno, nitawajibu kwamba nina dada.

Mdogo wako,
Fausta