Kibao cha Yeriko

Qurus, Machi 1976

Boazi mwanangu,

Mama yako mzima, ng'ombe mwekundu kazaa. Sasa nisikilize. Nani alikutuma kukipa kijiji chetu kipya jina la Yeriko? Ualimu wa huko Malambo umekulevya!

Mimi niliyewashinda wazee wote darasa la watu wazima nimeisoma Biblia mwenyewe. Yoshua aliulaani mji ule: atakayeujenga tena, akitia msingi tu, anafiwa na mzaliwa wake wa kwanza. Na msingi wa nyumba ya kwanza hapa wamenipa mimi! Mzaliwa wangu wa kwanza ni nani, mjinga wewe?

Kibao chenye jina hilo nimeking'oa, mama yako kapikia maharage. Mwenyekiti anafoka. Afoke! Jiwe la msingi siweki.

Jibu upesi kama u mzima.

Baba yako,
Qamara