Magunia Bado Yako Darini, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua huniitikii, lakini nikianza bila shikamoo ungenitazama vibaya.

Ardhi imetikisika huku Ujiji. Ghala la mbao ulilolijenga ufukweni bado limesimama, ila mimi sina amani nalo hata kidogo. Baada ya tetemeko wauza dagaa waliniita nilikague, kwa kuwa mimi ni mwanao na useremala nimeupata kwako. Nikatundika timazi yako, ule uzi wenye risasi, kwenye boriti ya kati, pale pale ulipokuwa ukiitundika na kunifokea, "Usipumue, binti, unaitikisa." Nikazuia pumzi. Uzi ukatulia. Jengo zima limeegemea upande wa ziwa, Baba.

Siku zako za mwisho ziwa lilikuwa limeanza kupanda, unakumbuka. Maji yalifika mpaka ndani ya ghala. Watu wakapandisha magunia yote ya dagaa darini, na maji yaliposhuka hawakuyateremsha, kila mtu anaogopa yatarudi. Mzigo wote uko juu, na huku chini nguzo zimeoza. Nilichomeka bisibisi ikazama kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Zile mbao za mshazari ulizopigilia kati ya nguzo, ukaniambia ndizo zinazolishika jengo lisiyumbe, wamezikata ili mikokoteni ipite. Akili zao zote zilikuwa kwenye maji. Tetemeko hawakulifikiria.

Nimewaambia washushe mizigo, watoke, tulifunge tulitengeneze. Wamenicheka. Mmoja akasema mbona limetikiswa na halikuanguka, anataka ushahidi gani tena. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa soko, nimekwenda mpaka kwa wakubwa ofisini, wote wananiambia nisubiri. Nisubiri nini mimi? Lori likipita tu barabarani, nakimbilia mlangoni nikidhani ardhi inatikisika tena.

Na wa kwanza kukataa ni Mama. Meza yake iko chini ya magunia yale yale. Nimemlilia, Baba, nimemshika miguu. Anafukuza nzi kwenye dagaa wake, ananiambia, "Baba yako kalijenga kwa mikono yake. Haliwezi kuniua." Nikisema ghala ni bovu, anaona nakutukana kaburini. Lakini wewe hukuliacha hivi. Ungekuwepo ungemwambia mara moja tu, naye angebeba meza yake. Nakukasirikia kwa kufa. Ndiyo, nakukasirikia.

Nimechoka kubembeleza. Kesho naihamisha meza yangu ya useremala kutoka kule mtaani Mwanga ninakofanyia kazi, naiweka ubavuni kwa meza ya Mama. Najua atafoka, atasema nitoke upesi, nina watoto wadogo wananitegemea. Nitamwambia tutoke wote.

Lala, Baba, mchanga wa Ujiji usikulemee. Nakuahidi, asipotoka, hatakuwa peke yake mle ndani.

Mwanao,
Zuhura