Mtaro wa Gare

Shangazi Filomena, shikamoo.

Huku Gare baridi tu, na mimi bado mzuri kuliko ukoo mzima.

Namtembeza mama mmoja Mfaransa. Kwao alianza ualimu, akawa meya, chama chake cha wanyonge kikashinda akawa waziri, kikaanguka naye akastaafu. Jumapili kanisani alisalimia, mimi natafsiri. Alisema tu, "Milima yenu mizuri." Nikaona salamu imepoa, nikaongeza, "Atatuletea maji ya bomba." Vigelegele!

Shangazi, naogopa. Wanakijiji wameshachimba mtaro wa bomba mpaka kwenye chemchemi. Leo kaniuliza wanachimba nini, nikasema viazi. Kesho wanampa mbuzi wa shukrani.

Nataka nikimbilie kwako Bungu. Ila mama yangu naye yumo mtaroni, viganja vimemchubuka, anawaambia watu, "Waziri kaletwa na mwanangu."

Mwanao,
Elisante