Saba Iliyokatwa

Alhamisi, Moshi

Nimechoka, na kosa ni langu. Fundi Saidi, mchora mabango wa Majengo, amemaliza kuandika namba 27 kwenye mkia wa ndege ya zamani ya jeshi inayokarabatiwa uwanjani. Amenakili picha niliyoipiga miaka ile ndege ikiwa bado inaruka, ikatoka gazetini. Hakuna nyingine.

Leo mjane wa rubani aliyekuwa akiirusha ameteremka kutoka Marangu kuiona. Akaizunguka, akasimama kwenye mkia.

"Hii namba siyo ya mume wangu, Baba Aloyce," akasema. "Yeye saba aliikata kwa mstari katikati. Aliiandika mwenyewe."

"Mama, mimi nimefuata picha," Saidi akajibu. "Kama inadanganya, mgombeze huyu mwandishi."

Alikuwa anatania. Mimi nilikumbuka chumba cha kusafishia picha, nikiufunika mstari ule kwa wino kabla ya kupeleka gazetini. Nilidhani ni mkwaruzo.

Nikawaambia wote wawili. 

"Kumbe ni wewe," Mama akasema.

Saidi akachovya brashi katika rangi nyeupe, akampa Mama. Akaikata saba kwa mstari katikati, ukaenda upande. Hakuna aliyesema urekebishwe.