Nazi kwa Mkono wa Kushoto

Jumanne, baada ya magharibi

Nusu ya nazi imeishia sakafuni. Nesi ametuambia wazee tutumie mkono wa kushoto kwa kazi ndogondogo, ubongo usilale, nami leo nimeutumia kukuna nazi.

Jirani yangu Mwanaidi akachungulia. "We Zuhura! Mkono wa chooni huo!"

"Nafanya mazoezi ya akili, shoga. Nimeunawa kwa sabuni."

Tulicheka, ila kusahau naogopa kweli. Hata sauti ya marehemu mume wangu siku hizi…

Mkono ulipochoka ndipo nikakumbuka. Yeye alikuwa mashoto. Kila akinikunia nazi alifunga mlango kwanza, watu wasimcheke. Hilo lilikuwa limenitoka kabisa.

Nikaimalizia nazi kwa kushoto. Mlango niliuacha wazi.